Kabla ya Taa za Paa, Soma Tairi

Manze, kila wikendi TikTok yangu inajaa gari zimeinuliwa, taa nne kwa paa, wasee wakielekea Suswa. Poa. Lakini hiyo spea ni ya mwaka gani?

Inama usome ubavu wa tairi. Baada ya herufi DOT, angalia tarakimu nne za mwisho: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Raba huzeeka hata ikining'inia tu nyuma ya mlango, na meno yake bado yataonekana mapya. Ndio maana zile za mtumba huniogopesha. Bei iko chini, sawa, lakini mmebebana watu watano.

Suswa ni volkano, mawe yake yanakata. Ubavu ukichanika hakuna kiraka cha kukuokoa.

Kwa mchanga hesabu ni nyingine. Unapunguza upepo, tuseme kutoka 32 hadi karibu 18, tairi itandaze mguu isizame. Shida ni kurudi lami bila kujaza tena. Tairi laini kwa kasi ya 100 inapata moto, inaweza kupasuka, na gari uliyoiinua haipendi usukani wa ghafla. Kwa hivyo nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwa gari kwanza. Taa zitangoja, hata picha za mchana hazionyeshi kama zinawaka.

Na ijaribu jeki ukiwa bado nyumbani. Gari ikishainuliwa, ile ya kiwandani mara nyingi haifiki.