Ngazi ya Vipandio Vitatu

Mara nyingi tunasikia wazazi wakisema: «Mtoto huyu ana akili, yule hana.» Neno hilo ni jepesi mdomoni, lakini ni zito moyoni mwa mtoto. Akilisikia kila siku, mwisho ataliamini. Sisi tuliopata malezi ya seminari, na sasa tunafundisha dini na kuwasaidia walimu katika shule ya parokia, tumewaona wengi walioitwa wajinga, kumbe sivyo. Walikosa tu msaada wa kuwafaa, kwa wakati wake.

Katika nchi nyingine msaada huo hupangwa kama ngazi yenye vipandio vitatu. Mpango huu unafanana na kazi ya waganga. Mwaka 1964 mganga Gerald Caplan, huko Marekani, aliandika juu ya namna tatu za kupigana na magonjwa ya akili: kuwakinga watu wote, kuwawahi wanaoanza kuugua, na kuwatunza walioshikwa sana.

Shule nazo hufanya vivyo hivyo. Kipandio cha kwanza ni cha watoto wote: mafundisho mema darasani, na kuwapima wote kwa kifupi, kama mara tatu kwa mwaka, ili ijulikane nani anaanza kubaki nyuma. Kipandio cha pili ni cha hao waliobaki: hukaa katika vikundi vidogo, watoto watano au sita, nusu saa, siku kadhaa katika juma. Kipandio cha tatu ni cha wachache sana: mwalimu na mtoto mmoja, pengine na muuguzi au mtu mwenye ujuzi wa pekee.

Kule Marekani, sheria ya mwaka 2004 iliufungulia mlango mpango huu, na sheria ya masomo ya mwaka 2015 ikautaja wazi. Wenye kuupanga hukadiria kwamba katika watoto 100, karibu 80 watatoshewa na kipandio cha kwanza, 15 watahitaji cha pili, na 5 cha tatu. Hesabu hiyo si amri, ni kipimo tu. Lakini inatufundisha jambo kubwa. Ukikuta darasa la watoto 70, na 40 hawajui kusoma, usiseme una wagonjwa 40. Sema kwamba kipandio cha kwanza kimeoza. Tengeneza hicho kwanza, maana vipandio vya juu havisimami hewani.

Tena msaada ni nyongeza ya somo, si badala yake. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitoa habari za uchunguzi uliofanyika katika shule 146 za majimbo 13. Watoto wa darasa la kwanza waliokuwa chini kidogo tu ya kipimo, wakapelekwa kwenye msaada wa kusoma, walipimwa wakaonekana nyuma ya wenzao waliokuwa juu kidogo ya kipimo hicho. Ajabu, sivyo? Waliochunguza waliona pia kwamba shule nyingi ziliwapa watoto msaada saa ileile ambayo darasa zima lilikuwa likisoma. Ukimpa mtoto kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono wa pili, atashiba nini?

Sasa turudi kwetu Kongo. Mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo. Watoto wengi waliokuwa nyumbani wakaingia, na madarasa yakajaa. Ni furaha kubwa, lakini ni mzigo mkubwa kwa mwalimu.

Mwaka 2023 mzazi mmoja alikuja kwetu na binti yake wa darasa la nne. Akasema: «Mwalimu, huyu hana kichwa. Afadhali amsaidie mama yake sokoni.» Tukamjibu: «Baba, tunakuomba, utupe majuma sita tu.» Akakubali kwa shingo upande. Tukampa binti fungu la Kiswahili, akalisoma bila kukwama. Tukampa la Kifaransa: alitamka herufi zote, lakini maneno hakuyajua. Basi, hakuwa mgonjwa wa kipandio cha tatu. Sheria ya masomo ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia, lakini yeye alivushwa kwenda Kifaransa bila daraja.

Mwalimu wake akaanza kueleza maneno mapya kwa Kiswahili mbele ya darasa zima, kabla ya kufungua kitabu. Huo ulikuwa msaada wa wote. Kisha watoto sita, na binti huyo kati yao, wakabaki nusu saa baada ya kengele, siku tatu kwa juma. Kila Ijumaa kila mmoja alisoma dakika moja, na mwalimu akaandika katika daftari idadi ya maneno aliyosoma sawasawa. Majuma sita yalipokwisha, baba aliona daftari, akamwacha binti shuleni. Watatu wakatoka katika kikundi. Mmoja hakuendelea hata kidogo, na tulipomtazama vema tukaona anageuza sikio kila anapoitwa. Huyo alipelekwa dispanseri, kisha akawekwa benchi la mbele. Daftari ndilo lililomfichua.

Kumbukeni pia kwamba ngazi ni ya kupanda na kushuka. Kikundi si ukoo: mtu hazaliwi humo wala hafii humo. Mtoto aliyesaidiwa akafaulu, arudi kwa wenzake bila jina baya.

Ninyi walimu, msiongeze vikundi kabla ya kutengeneza somo la wote. Ninyi madirekta, tafuteni saa ya msaada isiyoiba saa ya darasa. Na ninyi wazazi, kabla ya kumtoa mtoto shuleni, mwulizeni mwalimu maswali mawili: mtoto wetu amekwama wapi, na amesaidiwa kwa njia gani? Mpaka maswali hayo yajibiwe, mtu asithubutu kusema kwamba mtoto hana akili.