Bega Linauma, Lakini Umeangalia Mkono?



Tunapoombea wagonjwa, kuna mtu huja ameshika bega. Nikimuuliza, "Na vidole je?" anashangaa. "Hufa ganzi usiku, pasta. Naamka nikikung'uta mkono."

Naijua hali hiyo. Bega langu la kulia liliwahi kunikosesha usingizi, na daktari hakuanzia begani. Aliuliza ni vidole gani vinakufa ganzi: kidole gumba, viwili vinavyofuata na nusu ya kidole cha pete. Kisha akakipima kifundo cha mkono.

Neva moja hutoka shingoni, hupita kwapani, hushuka mpaka kiganjani. Kwenye kifundo hupenya njia nyembamba pamoja na kano tisa za kukunja vidole. Nafasi ikipungua, neva hubanwa. Huo ndio ugonjwa wa karpali taneli. Kinachobanwa kiko chini, lakini maumivu yanaweza kupanda hadi begani.

Kwa hivyo wewe unayeshona mchana kutwa, mama mjamzito, ndugu mwenye kisukari, usichue bega tu ukasahau mkono. Wala usikisie. Neva ikibanwa shingoni huleta ganzi inayofanana na hii, na bega lenyewe linaweza kuwa na ugonjwa wake. Wengine wana yote mawili. Acha daktari apime shingo, bega na mkono. Na maumivu ya bega yakija pamoja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi, usingoje kukuche. Kimbia hospitali.

Matibabu yapo. Wengi huanza na kifaa cha kuvaa usiku kinachoweka kifundo kikiwa kimenyooka. Wengine hudungwa sindano, wengine hufanyiwa upasuaji mdogo. Ukikawia sana, msuli ulio chini ya kidole gumba hukonda, vikombe vinaanza kukuponyoka, na nguvu hiyo huenda isirudi yote.

Usikubali mtu akuambie kwamba ukivaa kifaa huna imani. Mikono ya Musa ilipochoka, Haruni na Huri waliishikilia. Hakuna aliyemkemea.

Nitakuombea, mpendwa. Tukikutana tena nitakuuliza pia, "Ulienda kliniki lini?" Leo mtumie ujumbe huu yule anayeamka usiku akikung'uta mkono.

Ubarikiwe.