Kumcheka na Kucheka Naye

Lugha ya Kiswahili hupambanua kumcheka mtu na kucheka naye. Shina ni moja, lakini tendo la kwanza ni jeraha na la pili ni udugu. Tofauti hiyo ndogo ya sarufi ni mizani kubwa kwa kila apendaye kumfikia mtoto mwenye usonji kwa njia ya kicheko.

Mwaka 1943 Leo Kanner, tabibu wa akili za watoto mjini Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa hali hii. Jina alilolitumia lina asili ya neno la Kiyunani lenye maana ya nafsi, na watu wengi wamedhani tangu hapo kuwa mtoto huyu amejifungia nafsini mwake, hana furaha wala mzaha. Dhana hiyo si kweli. Mwaka 2002 Vasudevi Reddy na wenzake, katika Uingereza, walionyesha kuwa watoto hawa hucheka. Ila ni nadra kujiunga na kicheko cha mwingine, au kufanya kichekesho ili mwingine acheke. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walisikiliza vicheko vyenyewe, wakaona karibu vyote ni vya sauti wazi, vya namna ifungamanayo na furaha. Mtoto huyu, basi, hucheka afurahipo. Kicheko cha adabu tu si desturi yake.

Kwa hiyo mlezi asilazimishe kicheko. Kumtekenya mtoto ambaye mguso humwudhi si mchezo, ni adhabu. Heri aketi sakafuni, atazame kinachomfurahisha mtoto: kifuniko kizungukacho, maji yamiminikayo, neno lenye mlio. Aige kidogo, kisha angoje. Kungoja ndiyo kazi ngumu. Mtoto akigeuza macho, au akisukuma kifuniko upande wa mlezi, ameomba tena. Na ombi hilo ni mwanzo wa mazungumzo. Asipogeuka, hakukosa neno, wala furaha yake haikupungua.

Mtoto aliyechekwa mara nyingi huweza kuogopa hata kicheko cha wema. Hofu hiyo haiondolewi kwa mzaha mkubwa zaidi, bali kwa mtu mzima anayekubali kufurahia kitu kidogo kilichochaguliwa na mtoto mwenyewe.