Barua kutoka Katwe

Binamu,

Kampala nimefika salama, na kioo hakina hata mkwaruzo. Konda alitaka kukisukumia kwenye buti pamoja na mikungu ya ndizi, nikamwambia bora anitie mimi humo. Basi kilo tatu kasoro za kioo zilikaa mapajani mwangu tangu Mutukula, Masaka tukaipita, hadi Kayabwe tunapovuka ikweta. Pale watalii huonyeshwa maji ya beseni yakizunguka kulia upande huu wa mstari na kushoto upande wa pili. Kiini macho kitupu. Beseni ni dogo mno kwa dunia kuliamrisha. Ila mstari ule una maana kubwa kwa darubini yetu, nitakueleza.

Kila niliyemuuliza nitapata wapi fundi wa chuma alinijibu neno moja: Katwe. Geti, sigiri, mashine ya kusaga, vyote vinazaliwa pale kutokana na chuma chakavu, katikati ya makelele yasiyokuruhusu hata kujisikia ukikohoa. Fundi wangu ni mtu mzima, Kiswahili chake ni cha Kisumu. Aliutazama mchoro, akakitazama kioo, akasema: "Ssebo, si tukikaze tu kwa bolti nne tumalize?"

Hapo ndipo penye kazi yote. Uso wa kioo cha darubini haupaswi kukosea zaidi ya takriban sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Kioo chetu kina upana wa sentimita 25 na unene wa mbili na nusu tu, kwa hiyo kinalegea kwa uzito wake chenyewe, na ukikibana kinapinda. Tena hasara inakua vibaya: kwa unene uleule, ukizidisha upana mara mbili, kulegea kunazidi mara 16. Yule mzee John Dobson wa San Francisco, aliyefariki 2014, aliegemeza vioo vyake kwenye ubao wa plaiwudi na wapita njia wakauona mwezi barabarani. Namheshimu, lakini chetu nakitakia malazi bora.

Malazi yenyewe ni pembetatu tatu za bati nene. Kila moja ina ncha tatu, kwa hiyo kioo kinalalia ncha tisa, na kila ncha inabeba kama gramu 300. Pembetatu haikazwi, inacheza juu ya bolti yake kama mizani ya sokoni, upande ukizidiwa mwingine unainuka kusaidia. Mbinu ni ya zamani, Thomas Grubb wa Dublin aliitumia miaka ya 1830. Mimi nilikuja na hesabu za mahali pa kutoboa tundu: theluthi moja ya urefu, kutoka upande wenye ncha mbili. Fundi hakuzitaka. Alisimamisha msumari kwenye jiwe, akaitua bati juu ya ncha yake, akaisogeza kwa kidole hadi ikatulia bila kuinama, akatia alama ya chaki. Nikapima. Palepale!

Sasa ikweta. Ulaya sayari nyingi huzitazama darubini ikiwa imeinama, na uzito wa kioo unagawanyika kati ya mgongo na ukingo. Kampala iko chini ya nusu nyuzi kutoka ikweta. Mwishoni mwa Januari, saa nne za usiku, Mkanda wa Orion unakupita utosini kabisa, kioo kinalala chali na mgongo unabeba karibu kila kitu. Ndiyo maana sikukubali ncha tatu, japo wapo watakaosema zinatosha.

Vishikizo vya pembeni vipo, lakini ni vya kuzuia kioo kisidondoke, basi. Karatasi ya daftari lazima ipite kati ya kishikizo na kioo bila kukwama. Fundi alivikaza kwa mazoea, na usiku ule, uani kwa dada, nyota niliyoiharibu makusudi kidogo kwa kuisogeza nje ya fokasi ilitoka na pembe tatu badala ya duara. Nililegeza nati nusu mzunguko, ikaviringana. Dada alitoka, akachungulia, akauliza kama ni hiyo tu.

Kwa ukingo wa chini nimenunua Kisenyi mkanda wa kiti cha gari; utakizunguka kioo nusu kwa chini kama kombeo, bila kukibana.

Boksi la plaiwudi ni lako. Upana wa ndani usipungue sentimita 30, na nyuma uache wazi kioo kipoe upesi jioni. Nipigie kabla hujakata, maana fundi amekwishaniambia kuchomelea upya ni bei mpya.

Msalimie shangazi.