Hodi Isiyosikika
Wenye tovuti nao wana saa zao. Tangu 2020 Google inataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, angalau kwa ziara 75 katika kila 100. Hizo 25 za mkiani, nadhani, nyingi ni zetu huku milimani.

Juzi hapa Kabanga dada mmoja aliazima simu yangu afungue fomu ya chuo. Kiduara kikazunguka weee, mpaka bando likaisha.

"Basi, kaka, nimeshindwa."

Na siku ya mwisho ilikuwa ileile!

Kipimo cha wageni halisi kwa kawaida husafiri ndani ya ukurasa wenyewe. Ukurasa usipofika, nacho hakifiki. Kwa hiyo kwenye chati zao dada yule hakubisha hodi kabisa.