Mchezo wa Kwanza na wa Pili: Funzo Kuhusu Ngazi za Somo

Ndugu wanachuo, yamkini mtashangaa kuona jarida la mbinu za kufundishia likizungumzia michezo ya video. Sisi wenyewe kwa miaka mingi tuliihesabu michezo hiyo kuwa adui wa madaftari, na katika likizo moja tulimkemea mpwa wetu aliyekuwa ameinamia simu tangu asubuhi. Tulianza kwa kukemea, tukaishia kuiomba ile simu. Alikuwa akicheza michezo miwili ya Kijapani iliyotoka kabla sisi hatujazaliwa, wa kwanza na mwendelezo wake. Tulipoimaliza yote miwili, tulijikuta tukiifikiria upya hukumu tuliyokuwa tumempa mwanachuo mmoja wakati wa mazoezi ya kufundisha. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuwaeleze tuliyoyaona.

Mchezo wa kwanza waitwa Dragon Quest. Ulitolewa nchini Japani tarehe 27 Mei, 1986, kwa ajili ya mashine ya Famicom. Wa pili, Dragon Quest II, ulifuata tarehe 26 Januari, 1987, yaani miezi 8 tu baadaye. Mtungaji wa yote miwili ni Yuji Horii. Koichi Nakamura aliongoza kazi ya kuandika programu, Akira Toriyama alichora viumbe, na Koichi Sugiyama alitunga muziki. Ni michezo ya aina ambayo mchezaji hushika nafasi ya mhusika katika hadithi ya kubuni yenye wafalme, majoka na uchawi. Mhusika huanza akiwa dhaifu. Kila anaposhinda pambano hupata fedha na alama za uzoefu, na alama zikitosha hupanda daraja, akaongezewa nguvu au akajua uchawi mpya.

Michezo ya namna hiyo ilikuwapo Marekani kabla ya hapo, nayo Horii aliipenda sana. Lakini ilikuwa michezo ya kompyuta, yenye kutaka kibodi na uvumilivu wa watu wazima. Watoto wa Kijapani waliokuwa na Famicom walishika kidude chenye vitufe vichache tu, na wengi wao hawakujua kamwe mchezo wa aina hiyo huchezwaje. Kwa hiyo Horii alikabiliwa na swali ambalo kila mwalimu wa darasa la kwanza hulijua: tumwanzishe vipi mtu ambaye hana msingi wowote?

Jibu lake lapatikana katika chumba kimoja. Mchezo waanzia mbele ya kiti cha mfalme, na mlango umefungwa. Ndani ya chumba mna askari wa kuzungumza nao na masanduku 3, na katika sanduku mojawapo mna ufunguo. Mchezaji hawezi kutoka mpaka afungue sanduku, autumie ufunguo mlangoni, kisha ashuke ngazi. Katika mchezo wa asili kila tendo kati ya hayo lilikuwa na amri yake katika orodha ya amri 8. Basi anapofika nje, mtoto amekwisha kuzitumia amri kadhaa za lazima bila kusomewa hotuba yoyote. Amejifunza kwa kutenda, na ametenda kwa sababu alitaka kutoka.

Akitoka nje ya ngome, aiona ng'ambo ya maji ngome nyingine, nayo ndiyo makao ya adui mkuu. Hawezi kuifikia, kwani njia yake ni ndefu na yazunguka nchi nzima, lakini tangu dakika za mwanzo amelijua lengo la safari. Ni mara ngapi sisi walimu tumeandika lengo la somo katika andalio, kisha tukalificha ndani ya jalada asilione mtoto hata mmoja!

Viumbe wa kwanza anaokutana nao ni wanyonge, mfano wa tone la uji lenye macho na tabasamu. Kila pambano ni la mmoja kwa mmoja. Hashambuliwi kamwe na wawili kwa pamoja. Nchi nayo imegawanywa kwa madaraja ya mitoni. Mchezaji akivuka daraja, hukutana na viumbe wakali zaidi, hivyo upesi hutambua kwamba daraja ni onyo. Hakuna kizuizi wala mlinzi. Aweza kuvuka siku ya kwanza akipenda, ila atashindwa, na kushindwa huko kutamwambia kwamba wakati wake bado.

Na akishindwa hupatwa na nini? Hurudishwa mbele ya mfalme naye hupoteza nusu ya fedha zake, lakini alama za uzoefu hazipunguzwi hata moja. Tafadhalini, lizingatieni jambo hili. Kosa limegusa mfuko, halikugusa elimu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mchezo huu waliweka neno hilo katika vitendo. Mtoto aliyeshindwa pambano la kumi hurudi akiwa na yote aliyojifunza katika mapambano tisa yaliyotangulia.

Hata hivyo hatutaki kuusifu kupita kiasi. Mchezo wa kwanza una ufinyu wake. Kaseti yake ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 64 tu. Mhusika ni mmoja, adui ni mmoja, na ili apate fedha za kununulia upanga ulio bora mchezaji hana budi kuzungukazunguka mahali pamoja akipigana na viumbe wale wale kwa saa nyingi. Mwenye kufundisha jedwali la kuzidisha kwa kuimbisha darasa kila asubuhi ataitambua hali hii. Mazoezi ya kurudiarudia hujenga, lakini yakizidi mno huchosha, na mtoto huanza kutenda kwa mkono huku akili yake imekwenda kwingine.

Mwendelezo ulipewa kilobaiti 128, yaani mara mbili ya nafasi ya kwanza, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilitumiwa kwa busara. Hadithi yatokea miaka 100 baada ya ile ya kwanza, na wahusika ni wazao wa shujaa wa zamani. Sasa wako watatu, na maadui nao huja kwa makundi. Lakini mchezaji hakabidhiwi wote watatu siku moja. Huanza na mwana wa mfalme wa Lorasia peke yake, kama alivyozoea katika mchezo wa kwanza. Halafu humtafuta binamu yake wa Samaltria, ambaye kila anapofuatwa huambiwa ameondoka sasa hivi, mpaka anapokutwa amepumzika katika nyumba ya wageni. Kisha huja binti mfalme wa Moonbrooke, aliyegeuzwa mbwa kwa uchawi, naye harudi katika umbo lake mpaka kipatikane kioo maalumu kilichofichwa katika kinamasi. Mmoja, wawili, watatu: kila anayeongezeka hupewa muda wa kuzoeleka kabla mwingine hajafika.

Watatu hao hawafanani. Wa kwanza ana nguvu za mwili wala hajui uchawi hata kidogo. Binti ana mwili dhaifu, lakini uchawi wake ni mkubwa. Yule wa Samaltria yuko katikati: hapigi vizuri kama wa kwanza wala uchawi wake haufikii ule wa binti. Mpwa wetu alimdharau sana, akimwita mzigo. Lakini katika mchezo wa asili huyo wa katikati ndiye pekee anayejifunza uchawi wa kumwinua mwenzake aliyeanguka. Tulimfikiria mwanafunzi yule wa safu ya kati ambaye hatumwiti ubaoni, kwa kuwa hajui sana wala hashindwi sana. Huenda naye ana jambo ambalo darasa litalihitaji siku moja.

Uzuri mwingine wa mwendelezo ni jinsi unavyolichukulia somo la nyuma. Mchezaji akipata merikebu aweza kusafiri mpaka nchi ya mchezo wa kwanza, akaikuta imechorwa kwa udogo ndani ya ulimwengu mpana zaidi. Akiingia katika ngome ile ya adui aliyoiona zamani ng'ambo ya maji, hukuta mzao wa adui huyo, naye hamshambulii bali humpa shauri la safari. Ndivyo elimu inavyopasa kuwa. Kujumlisha, ambako katika darasa la kwanza kulikuwa mlima, katika darasa la tatu kwapaswa kuwa msaidizi wa kuzidisha.

Mpaka hapo twaweza kusema bila kusita kwamba mchezo wa pili wapita wa kwanza. Tatizo laja mwishoni. Ili kumfikia adui mkuu, wahusika hupita katika pango la kuelekea Rondarkia. Sakafuni mna mashimo yasiyoonekana, yenye kuwadondosha waliokwisha kupanda. Mna njia zinazojirudia, ambazo mchezaji hudhani anakwenda mbele kumbe yuko pale pale. Anayefaulu kutoka hujikuta katika uwanda wa theluji wenye viumbe wawezao kuua kwa tamko moja, na mmoja wao huweza kujitoa mhanga akawaangamiza wote watatu kwa mpigo. Nguvu, mpango na subira alivyojifunza mchezaji kwa makumi ya saa havimkingi na tamko hilo. Aombe bahati tu. Katika simu ya mpwa wetu mchezo umelainishwa kiasi, na hata hivyo tulianguka mara nyingi. Watoto wa mwaka 1987 walikuwa na shida zaidi, kwa kuwa kaseti haikutunza kumbukumbu. Ili kuendelea siku ya pili, mchezaji alinakili tamko la herufi zilizoweza kufika 52, na herufi moja ikikosewa, tamko lote lilikataliwa.

Wako wanaolisifu pango hilo, wakisema kwamba ushindi wa taabu ndio mtamu. Hatuwabishii, maana hata sisi tulifurahi tulipotoka. Lakini twaomba mpime jambo moja. Madaraja ya mchezo wa kwanza yalikuwa magumu, nayo yalifundisha: aliyeshindwa alijua kwa nini, na akajua la kufanya. Kule Rondarkia mtu hushindwa bila kujua alilokosea. Ugumu wa kwanza ni wa mwalimu. Ugumu wa pili hauna mwalimu ndani yake. Mtungaji ni yule yule, aliyekuwa hodari wa kuhesabu hatua za mgeni. Twadhani alipofika mwisho aliamini kwamba aliyekwisha kufika pale hahitaji tena ngazi.

Sasa twarudi kwa mwanachuo wetu. Alipangiwa kufundisha hesabu za kugawanya, nasi tulikwenda kumkagua mara mbili. Siku ya kwanza alifundisha 84 gawanya kwa 4, kwa vijiti na kwa ubao, na darasa lilimfuata vizuri. Wiki iliyofuata ubaoni palikuwa na 1,152 gawanya kwa 36. Baada ya dakika 10 darasa lilinyamaza, na baada ya dakika 20 alinyamaza yeye. Katika fomu ya ukaguzi tuliandika kwamba hakujiandaa, tukampa alama ya chini kabisa tuliyotoa muhula ule. Wenzake walituambia baadaye kwamba alikuwa amefunga sanduku lake, akisema ualimu si kazi yake.

Tuliporejea kutoka likizo tulilifungua azimio la kazi alilokuwa akilifuata. Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili hapakuwa na kitu. Watoto wale hawakuwahi kugawanya kwa namba yenye tarakimu mbili hata mara moja. Na azimio lile hakulitunga yeye. Tulilitunga sisi, tukaligawa kwa wanachuo wote, na sahihi iliyo chini yake ni yetu.

Tulimwendea bwenini, tukamwomba radhi. Kwa mkufunzi jambo hilo si jepesi, lakini ilikuwa vigumu zaidi kumtazama alivyokaa kimya akingoja tumalize. Kwa ruhusa ya mkuu wa idara alikaguliwa upya. Safari hii yeye mwenyewe alipanga ngazi katika vipindi vitatu: 96 gawanya kwa 12, kisha 276 gawanya kwa 12, ndipo 1,152 gawanya kwa 36. Hatusemi kwamba watoto wote walifaulu. Safu ya nyuma wapo waliobaki njiani. Lakini safari hii aliweza kutuambia kila mmoja amekwama katika hatua ipi, na aliwapangia kipindi cha siku ya pili.

Ndugu wanachuo, mtakapokuwa kazini mtasifiwa kwa masomo ya kwanza, kwa kuwa kila mwalimu huliandaa somo la kwanza kwa hofu. Somo la pili huandaliwa kwa kujiamini, na humo ndimo ngazi zinamosahauliwa. Kabla hamjaandika kwamba mtoto ni mzito, lishikeni andalio lenu, mkaihesabu hatua moja moja kutoka jana hadi leo. Pengo mkilikuta, lijazeni. Na mkigundua kwamba pengo mmelichimba wenyewe, mwendeeni aliyedondokea humo, mkamwambie.