Aliye juu mngoje chini: safari ya Terunofuji mu sumo



Wazee wetu walisema: aliye juu mngoje chini. Hii methali tunaipenda sana, na mara nyingi tunaitumia kwa kumcheka mwenye kuanguka. Mimi pia nilichekwa nayo. Nilikuwa prefe wa masomo miaka mine. Siku moja ikafika barua: nirudi kuwa mwalimu wa kawaida, mu shule ile ile, mbele ya wanafunzi wale wale niliokuwa ninawaadhibu. Wiki ya kwanza nilishindwa hata kuingia mu chumba cha walimu. Nilikaa inje, chini ya mti, nikingojea kengele.

Ilikuwa mwaka 2021. Ni wakati ule njo nilisikia habari za Terunofuji, mpiganaji wa sumo kule Japani.

Sumo ni mieleka ya kale ya Wajapani, nayo inashikamana na dini yao ya Shinto. Watu wawili wanaingia mu mviringo wenye upana wa metre 4,55. Mwenye kutoka inje, ao mwenye kugusa chini kwa sehemu yoyote ya mwili isipokuwa nyayo, ameshindwa. Hakuna kugawanya watu kwa kilo: mwembamba anaweza kukutana na mnene. Mbele ya kupigana, wakubwa wanatupa chumvi ili uwanja utakasike.

Lakini jambo lililonigusa mimi mwalimu ni vyeo. Kuna madaraja sita, na kila mwaka kuna mashindano makubwa sita. Kila shindano likiisha, majina yanaandikwa upya. Aliyeshinda mara nyingi anapanda. Aliyeshindwa anashuka, na mara nyingi aliyekosa kwa ugonjwa anashuka vilevile. Paka wa madaraja mawili ya juu ndio wanapata mshahara wa mwezi. Wale wa chini wanakaa pamoja mu nyumba ya mwalimu wao: wanafagia, wanapika, wanatumikia wakubwa, na wanakula wakubwa wakiisha kushiba.

Terunofuji alizaliwa Ulaanbaatar, Mongolia, mwaka 1991. Alifika Japani akiwa kijana wa sekondari, na mwaka 2011 akaanza sumo ya kulipwa. Mwezi wa tano 2015 alichukua kombe la daraja la juu, akapewa cheo cha ozeki, ambacho ni cha pili kwa ukubwa. Watu wakasema: huyu atafika kileleni bila kukawia.

Kumbe magoti yaliharibika, kisha ugonjwa wa sukari nao ukaja. Mwaka 2017 alipoteza cheo cha ozeki. Akaendelea kushuka, mshahara ukakatika, na mwezi wa tatu 2019 jina lake likaandikwa mu daraja la jonidan, la pili kutoka chini. Hakuna ozeki wa mbele yake aliyeshuka hivi halafu akarudi kupigana. Mtu aliyezoea kutumikiwa na vijana, sasa alipigana na vijana waliokuwa wanaanza.

Zaidi ya mara moja alimuomba mwalimu wake, mzee Isegahama, amruhusu aache sumo. Mzee alikataa, alimutaka kwanza aponeshe mwili wake. Huyu mzee hakuwa mtu wa maneno tu: yeye mwenyewe alikuwa yokozuna wa 63, na yokozuna ndicho cheo kikubwa kuliko vyote.

Basi Terunofuji akaanza tena, hatua kwa hatua. Mwezi wa saba 2020 alirudi mu daraja la juu, na shindano lile lile akachukua kombe. Mwaka 2021 akarudia kuwa ozeki, kisha mwezi wa saba akawa yokozuna wa 73. Magoti hayakupona kabisa. Aliacha kupigana mwezi wa kwanza 2025, akiwa na makombe kumi. Mwanafunzi wa hesabu aangalie vizuri: kombe moja mbele ya kuanguka, tisa kisha kuanguka. Na mu mwaka ule ule wa 2025 yeye akarithi nyumba ya mwalimu wake, akawa Isegahama.

Mimi sikurudi kuwa prefe, na sijui kama nitarudi. Lakini ile wiki ya kwanza, mzee mumoja anayefundisha hesabu alinifuata kule chini ya mti. Hakunipa pole, hakunicheka. Alinipa kipande cha chaki, akasema: «Mwalimu, kalasi ya tano inakungojea.» Nikasimama, nikaenda.

Ndugu zangu, methali ya wazee ni ya kweli: aliye juu, mngoje chini. Lakini tusimungojee kwa kicheko. Mzee Isegahama alikuwa chini akingojea, na yule mzee wa hesabu pia. Akifika kwako mwenye kuanguka, umupe kazi ya kuanza nayo.